Panya alipona ini, je, baba naye atapona?

"Daktari, shikamoo. Baba yangu ana miaka 58, anaishi Kibosho, Kilimanjaro. Mwaka jana alipima akakutwa na homa ya ini aina ya B, na kile kipimo cha kugusisha mashine ubavuni kikaonyesha ini lina makovu, wakaandika F3. Ameanzishiwa tenofovir, kidonge kimoja kwa siku, na pombe ya mbege ameacha. Sasa mjomba amekuja na unga wa mizizi pamoja na karatasi alizochapisha mjini, utafiti kamili wenye picha za ini. Panya walipewa sumu, ini likajaa makovu. Waliopewa mizizi, ini lao likabaki laini. Mjomba anasema vidonge vinaficha tu ugonjwa, mizizi ndiyo inafuta kovu, kwa hiyo baba aachane na vidonge. Mdogo wangu aliye chuo anasema panya si mtu, kuwapa sumu ni ukatili, na tafiti hizo zote ni za kutupwa. Baba yuko katikati, na mimi ndiye ninayeulizwa. Nimsikilize nani? Na kovu la ini linafutika kweli?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na la haraka, maana mengine yote yanaweza kusubiri: baba asiache tenofovir. Hata wiki mbili za kujaribu, hapana. Kidonge kile hakimfukuzi kirusi mwilini, kinamzuia kuzaliana. Kizuizi kikiondolewa ghafla, kirusi huweza kurudi kwa kishindo, kinga ya mwili ikaamka na kuzishambulia kwa mpigo seli za ini zilizoambukizwa. Mwenye ini zima anaweza kuvuka dhoruba hiyo. Mwenye F3 hana akiba ya kutosha. Nimewaona waliofikishwa wodini macho yamekuwa manjano, wiki chache tu baada ya kuacha dawa kwa sababu walikuwa wanajisikia wazima.

Hilo likishaeleweka nyumbani, tukae tuzungumze habari ya panya. Barua yako imenifurahisha, kwa kuwa ugomvi wa mjomba na mdogo wako ndio ugomvi wetu wenyewe maabara, ila sisi tunagombana kwa maneno marefu zaidi.

Kwanza kovu lenyewe. Wewe ni mtu wa Kibosho, kwa hiyo nitatumia mfongo, ule mfereji wetu wa maji ya mashamba. Damu yote inayotoka kwenye utumbo huingia ini kwa mshipa mmoja mkubwa, kisha hugawanyika kwenye vijifereji vidogo mno vinavyopita katikati ya safu za seli, kama maji ya mfongo yanavyogawiwa kihamba hadi kihamba. Pembeni mwa vijifereji hivyo wanaishi walinzi wa ghala, seli zinazoitwa seli za nyota. Kazi yao ya kawaida ni ya upole: kutunza vitamini A ndani ya matone ya mafuta. Seli za ini zinapojeruhiwa, iwe kwa kirusi, pombe, mafuta yaliyozidi au sumu, jirani hupiga yowe la kikemikali. Mwenye ghala husikia, huacha ghala, hupoteza vitamini A yake na kugeuka fundi. Anaanza kumwaga kolajeni, yaani nyuzi ngumu zile zile zinazofunga kidonda cha mguuni.

Kidonda kikiwa cha siku moja, fundi huziba na kuondoka. Lakini ukuta ukibomolewa kila siku kwa miaka ishirini, fundi haondoki. Anaziba leo, anaziba kesho, mpaka saruji inaingia kwenye mfereji wenyewe. Damu inakosa njia, shinikizo linapanda nyuma, na maji hutafuta pa kupasukia: mishipa ya umio na tumbo huvimba, na siku moja mtu hutapika damu. Zile alama za F zinahesabu saruji hiyo. F0 hakuna kovu. F4 ni sirosisi, ini lililosinyaa na kugeuka mabonge-mabonge. Baba yuko hatua moja kabla ya hapo.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo nadhani ndilo lililokuandikisha barua. Ndiyo, kovu la ini linaweza kupungua, na mara nyingine kupungua sana. Nilipokuwa mwanafunzi tulifundishwa kinyume, kwamba kovu ni kovu. Waliotubadilisha mawazo ni panya.

Mwaka 1985 Scott Friedman na wenzake Marekani walieleza namna ya kuzitoa seli za nyota kwenye ini la panya na kuzikuza maabara, na ndipo ikathibitika kwamba mwenye ghala na fundi ni mtu mmoja. Mwaka 1998 kundi la John Iredale, Uingereza, likawapa panya sumu kwa wiki nne mpaka ini likapata makovu, kisha wakaacha kuwapa. Hawakuwapa dawa yoyote. Waliacha tu. Ndani ya wiki nne nyingine makovu yalikuwa yameyeyuka kwa kiasi kikubwa. Mafundi walikuwa wamejifia wenyewe, na vimeng'enya vinavyotafuna kolajeni, ambavyo mafundi walikuwa wamevifungia breki, vikaachiwa huru. Utafiti wa mwaka 2012 kwa vipanya, wale panya wadogo wa maabara, ukaongeza jambo: karibu nusu ya mafundi hawafi. Hurudi kulala, lakini usingizi wao si ule wa mwanzo. Ukibomoa ukuta tena, huamka upesi kuliko mara ya kwanza. Mwambie baba hilo siku akitamani mbege ya Krismasi.

Je, jambo hilo lipo kwa binadamu? Lipo, na kwa ugonjwa huu huu wa baba. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa wa homa ya ini B waliotumia tenofovir kwa miaka mitano, wakakubali kutolewa kinyama cha ini mwanzoni na mwishoni. Waliokuwa na sirosisi mwanzoni walikuwa 96. Baada ya miaka mitano, 71 kati yao hawakuwa na sirosisi tena. Asilimia 74. Kidonge ni kile kile kilichomo kwenye kichupa cha baba yako.

Hapo mjomba amegeuza mambo. Kilichofuta kovu la panya wa Iredale ni ukuta kuacha kubomolewa. Kwa baba yako anayebomoa ukuta ni kirusi, na anayemzuia kirusi ni kidonge. Kwa hiyo akisema vidonge vinaficha ugonjwa huku mizizi ikifuta kovu, muulize: huku kirusi akiendelea kubomoa, mizizi itafuta mpaka lini?

Nije kwenye karatasi zake. Sijaziona, lakini nikibahatisha kwamba sumu iliyotumika ni kaboni tetrakloridi, nina hakika ya kushinda kuku. Ndiyo sumu iliyotumika kuliko nyingine zote katika kazi hizi: bei nafuu, kazi ya haraka, matokeo yanayotabirika. Ina historia ya ajabu kidogo. Zamani ilitumika kuzima moto na kusafisha nguo. Mwaka 1921 daktari wa mifugo wa Marekani, Maurice Hall, aligundua kwamba inaua minyoo ya safura kwenye mbwa. Muda si mrefu ikaanza kupewa watu wengi katika nchi za joto kama dawa ya minyoo. Wengi walipona safura. Wengine ini liliwaharibika na wapo waliokufa, hasa wanywaji wa pombe. Mbwa alikuwa ametoa jibu sahihi la swali la minyoo. Swali la ini la mlevi hakuulizwa.

Na kwa nini walevi? Hapa ndipo penye kiini cha karatasi za mjomba, nivumilie. Kaboni tetrakloridi yenyewe haina makali sana. Inageuka kali pale kimeng'enya kimoja cha ini, kinachoitwa CYP2E1, kinapoichakata na kutoa kipande chake chenye njaa ya kemikali, kinachorarua utando wa seli. Pombe huongeza kimeng'enya hicho, ndiyo maana mnywaji huumia zaidi. Sasa fikiria kinyume chake: mmea wowote unaokizuia CYP2E1, au unaokidaka kile kipande chenye njaa kabla hakijafika kwenye utando, utamkinga panya. Sumu haitageuka sumu. Ini litabaki laini, picha zitapendeza, na mwandishi ataandika kwamba mmea unalinda ini. Amesema kweli. Unalinda ini la panya dhidi ya kaboni tetrakloridi. Baba yako hajanywa kaboni tetrakloridi. Kirusi cha homa ya ini B hakihitaji CYP2E1 kufanya uharibifu wake, kwa hiyo ngao hiyo kwake inakinga mlango usio na mwizi.

Nakusimulia hili kwa uzoefu wenye aibu yake. Kazi yangu ya kwanza ya panya ilikuwa hiyo hiyo: majani ya mti mmoja wa huku kwetu, panya thelathini, sumu mara mbili kwa wiki, majani kila siku. Matokeo yalikuwa mazuri mpaka nikapiga simu nyumbani kujisifu. Msimamizi wangu, mzee asiye na maneno mengi, aliangalia slaidi zote bila kusema kitu, kisha akauliza, "Dawa ulianza kuwapa lini?" Nikamjibu, siku moja na sumu. Akasema, "Basi hujatibu kovu. Umezuia sumu." Akavua miwani akaenda kunywa chai. Nilikaa na zile slaidi jioni nzima. Panya thelathini walikuwa wamekufa wakijibu swali ambalo mimi mwenyewe sikujua nimeliuliza.

Kwa hiyo chukua karatasi za mjomba, nenda kwenye sehemu ya njia za utafiti, tafuta siku ambayo mizizi ilianza kutolewa. Ikiwa ilianza pamoja na sumu, au kabla yake, karatasi inahusu kinga. Baba ana kovu tayari. Ikiwa ilianza baada ya kovu kuwapo, hapo tunaanza kuzungumza, lakini angalia kama sumu iliendelea au iliachwa. Ikiachwa, kumbuka panya wa Iredale: wanapona wenyewe. Lazima pawe na kundi la panya walioachishwa sumu na kupewa maji matupu kwa muda ule ule. Bila kundi hilo la kulinganishia, mizizi imepewa sifa ya kazi iliyofanywa na ini lenyewe.

Kisha tazama walipima nini. Karatasi nyingi za namna hii huonyesha kwamba vimeng'enya vya ini kwenye damu, ALT na AST, vilishuka. Hivyo hueleza ni seli ngapi zinakufa wiki hii. Kiasi cha saruji kilichomwagwa tangu zamani havikijui. Kovu hupimwa kwa kupaka kipande cha ini rangi nyekundu inayoshika kolajeni na kuhesabu eneo lake, au kwa kupima kemikali ya kolajeni yenyewe, na anayehesabu asijue panya yupi alipewa nini. Ukikuta wanyama sita kwa kila kundi na picha moja moja iliyochaguliwa, jua kwamba aliyechagua picha ni binadamu mwenye matumaini yake.

La mwisho juu ya karatasi hizo ni kipimo cha dawa. Kiwango kinachopendwa ni miligramu 400 kwa kila kilo ya panya. Mwili mdogo huchoma dawa upesi kuliko mkubwa, kwa hiyo kwa kawaida kiwango cha panya mkubwa wa maabara hugawanywa kwa takriban 6 ili kupata cha binadamu. Mtu wa kilo 70 angehitaji kama gramu nne na nusu kila siku. Tena si za unga. Ni za kile kinachobaki baada ya kuloweka mizizi kwenye spiriti, kuchuja na kukausha, ambacho ni sehemu ndogo ya mzizi uliopondwa. Unga wa mjomba uliochemshwa kwenye sufuria ni kitu kingine kabisa. Unaweza kuwa dhaifu mno, au ukawa na yale ambayo spiriti haikuyatoa. Ipo mimea yenye sumu za kuziba mishipa midogo ya ini. Kule Tigray, Ethiopia, vijiji viliugua ini miaka mingi kwa sababu ya magugu yaliyochanganyika na nafaka. Mti kuwa wa asili hakulifanyi ini liuonee huruma.

Nimemsema sana mjomba. Mdogo wako naye asicheke, zamu yake imefika.

Ana haki kwenye neno moja: panya si mtu. Kipanya huishi kama miaka miwili. Kovu la baba limejengwa kwa miongo. Maabara tunalijenga kwa wiki nne hadi kumi na mbili, kwa hiyo tunapata saruji mbichi ambayo haijakomaa. Panya waliopewa sumu muda mrefu zaidi hawakupona vizuri kama wale wa wiki nne: vipande vinene vya kovu, vilivyofungamana nyuzi kwa nyuzi, vilibaki. Tena kirusi cha homa ya ini B hakiambukizi kipanya wa kawaida kabisa. Mlango kinaouingilia kwenye seli ya ini ya binadamu ulitambuliwa mwaka 2012, na mlango wa kipanya una umbo tofauti kidogo tu, lakini kidogo hicho kinatosha. Hata kati ya vipanya wenyewe kuna ukoo na ukoo. Sumu ile ile, kiwango kile kile, ukoo uitwao BALB/c hutoa makovu mengi kuliko C57BL/6. Ukiuliza kama kipanya anafanana na mtu, nami nitakuuliza, kipanya yupi, na mtu yupi?

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa sumukuvu, ile inayotokana na ukungu wa mahindi na karanga. Kipanya huistahimili kwa kiwango cha kushangaza kwa sababu ana kimeng'enya chenye nguvu cha kuizima. Panya mkubwa hana cha namna hiyo, na akilishwa hupata saratani ya ini. Kama tungewauliza vipanya peke yao, tungekula mahindi yenye ukungu kwa amani.

Na yapo makaburi ya dawa. Kulikuwa na dawa ya kingamwili iitwayo simtuzumab, iliyolenga kimeng'enya kinachofunga nyuzi za kolajeni. Kwa vipanya kazi ya kuzuia kimeng'enya hicho ilionekana mwaka 2010 na wengi tulisisimka. Kwa wagonjwa, matokeo ya mwaka 2018 hayakuonyesha faida. Dawa nyingine ya makovu, selonsertib, nayo ilianguka kwenye majaribio ya mwisho mwaka 2019. Dawa ya kwanza kuidhinishwa Marekani kwa ajili ya makovu ya ini lenye mafuta, resmetirom, ilikuja Machi 2024, na hata hiyo kovu lilipungua kwa hatua moja kwa kama robo tu ya waliotumia, ikilinganishwa na asilimia 14 ya waliopewa vidonge vitupu. Tena ile ni ya ini la mafuta, baba haimhusu. Naitaja ili uone jinsi njia ilivyo ndefu kutoka kwenye kizimba cha panya hadi kwenye kichupa.

Lakini kutupa zote? Bila wanyama tusingejua kwamba mwenye ghala ndiye fundi, wala kwamba fundi anaweza kufa. Cha muhimu ni kuchagua mnyama kwa swali. Ukitaka kuelewa kovu la nyongo iliyoziba, unafunga mrija wa nyongo wa panya, na ndani ya wiki chache kovu linaanzia pale pale linapoanzia kwa mtu mwenye tatizo hilo. (Panya mkubwa hana kifuko cha nyongo hata kidogo, wanafunzi wangu hukitafuta kila mwaka.) Ukitaka kovu la pombe una kazi, kwa sababu panya hapendi pombe na ini lake huichoma haraka. Mtafiti Charles Lieber alilazimika kutumia nyani, na mwaka 1974 akaonyesha kwamba nyani waliolishwa pombe kwa miaka pamoja na chakula chenye virutubisho huweza kupata sirosisi. Kwa kichocho cha tumbo kipanya anafaa kiasi: mayai ya kichocho hukwama kwenye ini lake na mwili huyazungushia ukuta, kama kwetu. Huku kwetu jambo hilo si geni. Mashamba ya miwa ya Arusha Chini yalikuwa na kichocho kingi, na mtafiti Alan Fenwick alifanya kazi ya kukidhibiti huko miaka ya 1960. Ni yeye pia aliyeandika mwaka 1969 kwamba nyani wa mwituni wanabeba minyoo hiyo. Kovu la kichocho ni la aina yake, linakaa kuzunguka mishipa mikubwa, seli za ini zikibaki zinafanya kazi vizuri tu. Mtu hutapika damu huku vipimo vya ini vikiwa safi. Kovu lina makabila, na dawa ya kabila moja haijui lugha ya jingine.

Kuhusu ukatili, simpingi. Panya akipewa sumu anaumwa, nimewashika mkononi wakiwa hawataki kula. Tangu mwaka 1959, wanasayansi Russell na Burch walipoandika kitabu chao juu ya wanyama wa maabara, tunatakiwa kujiuliza mambo matatu: je, naweza kutumia kitu kisicho mnyama, naweza kutumia wachache zaidi, naweza kupunguza maumivu? Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na mradi wa namna hii haupaswi kuanza bila kupita kwenye kamati ya maadili. Siku hizi kuna vipande vyembamba vya ini la binadamu vinavyobaki baada ya upasuaji, vikitunzwa hai kwa siku kadhaa, na kuna vifano vidogo vya ini vinavyokuzwa kutokana na seli za mtu. Navipenda. Ila havina moyo unaosukuma damu wala wengu unaovimba, kwa hiyo shinikizo la mshipa huwezi kulisoma humo. Msimamo wangu, na wenzangu wengine hawaupendi, ni kwamba utafiti mwingine mmoja wa mmea-pamoja-na-kaboni-tetrakloridi, dawa ikianza siku moja na sumu, hauna sababu ya kumgharimu panya hata mmoja. Hapo mimi na mdogo wako tuko meza moja.

Sasa turudi kwa baba. Aendelee na kidonge kila siku saa ile ile. Pombe imeisha, gongo na mbege na bia, zote. Kama mirungi inapita mlangoni, nayo isiingie. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni asizinunue dukani bila kuuliza, kwa sababu ya figo na mishipa ile ya umio. Parasetamo inakubalika kwa kiwango kidogo atakachoambiwa na daktari wake. Kahawa isiyojazwa sukari anywe. Tafiti za watu, siyo za panya, zimeonyesha mara nyingi kwamba wanywaji wa kahawa wana makovu machache, ingawa hilo peke yake halithibitishi kwamba ni kahawa iliyofanya kazi. Nasi Wachagga tunailima, tunaiuza, tunakunywa chai.

Ile F3 nayo isiwatishe kupita kiasi. Kipimo cha mashine hupima ugumu, na ini lililovimba kwa kirusi kabla ya dawa huwa gumu hata pasipo kovu kubwa. Hata kupima muda mfupi baada ya kula hupandisha namba. Akirudia baada ya mwaka mmoja wa dawa, akiwa hajala kwa saa tatu au zaidi, mtapata picha ya kweli zaidi. Pamoja na hayo apimwe figo, na afanyiwe altrasaundi ya ini kila miezi sita, maana hatari ya saratani hupungua kwa dawa lakini haiishi.

Msisubiri tarehe ya kliniki, mpelekeni hospitali ya Mawenzi au KCMC siku hiyo hiyo, akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, macho yakiwa manjano, tumbo likijaa maji, au akianza kuchanganyikiwa na kulala mchana huku usiku akikesha. Hilo la mwisho ndugu hulidhania uchovu.

Wewe na mdogo wako mmepima? Chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye chanjo za watoto wachanga nchini mwaka 2002. Kama mlizaliwa kabla ya hapo hamkuipata utotoni. Pimeni, mama naye apime. Asiye na kirusi wala kinga achanjwe, aliye nacho aanze kufuatiliwa sasa kabla hajafika alipofika baba. Kula sahani moja na baba hakuambukizi, msimtenge.

Na ule unga wa mjomba usiumwage mbele yake. Amehangaika kwa mapenzi. Utie kwenye mfuko safi, andika jina la mti kama anavyolijua na mahali alipouchimba, uende nao kliniki pamoja na zile karatasi, na mjomba mwenyewe ukiweza. Kama baba alishaanza kuunywa kimyakimya, na wazee wetu unawajua, daktari aambiwe na ALT ipimwe wiki hiyo.